Kwa nini nyumba ya mizimu imekuwa giza tupu kwenye TV yangu?

*“Habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Tanga. Mwanangu anayefanya kazi Marekani alinitumia boksi la DVD za tamthilia ya The Haunting of Hill House, kwa kuwa anajua napenda hadithi za kutisha. Deki yangu ilizikataa, ikaandika kwamba eneo si sahihi. Kijana mmoja wa mtaani anayeuza muvi akaniwekea tamthilia yote kwenye flashi. Nimeangalia sehemu tatu. Matukio ya mchana nayaona vizuri, ila ikifika usiku ndani ya ile nyumba naona weusi tu, na kwenye kona kuna vitu kama vigae vinachezacheza. Wajukuu wanasema nyuma ya watu kuna mizimu imesimama, wananicheka kwamba bibi haoni. Nimeongeza brightness mpaka mwisho, sasa picha imekuwa kama imemwagiwa majivu. Fundi mmoja ameniambia kioo kimechoka, ninunue TV ya 4K. Jirani anasema CD zenyewe ni feki, ndiyo maana deki imezikataa. Nifanye nini? Na je, hizo za kwenye boksi ni sawa na ile ya mtandaoni, au mwanangu alihangaika bure?”*

Shikamoo mama, na pole kwa usumbufu. Nianze na la wajukuu, maana naona ndilo linalokuuma zaidi. Hawakudanganyi. Mizimu imo kweli mle ndani. Mike Flanagan, aliyeongoza sehemu zote 10 za tamthilia hiyo, aliwaficha watu nyuma ya wahusika katika matukio mengi: uso chini ya piano, mtu nyuma ya vioo vya mlango, kiwiliwili kando ya ngazi. Kamera haiwasogelei, muziki haushtuki, na hakuna mhusika anayewataja. Familia inaendelea na mazungumzo yake kana kwamba hakuna kitu. Ukiwaona umewaona, usipowaona hadithi inasonga mbele bila wao, ndiyo maana watoto hushindana kuwatafuta.

Sasa tazama wamewekwa wapi. Wako gizani, wako mbali, wako nje ya pale kamera ilipokazia, na hawajongei. Karibu kila kitu ulichoniuliza kinatokana na hapo, kwa hiyo naomba univumilie nieleze giza la kwenye TV linavyotengenezwa.

Picha ya video imejengwa kwa ngazi. Kwenye DVD na Blu-ray (CD za kizazi kilichofuata DVD, zenye picha safi zaidi), weusi kamili umepewa namba 16 na weupe kamili namba 235, na kila unachokiona kiko mahali fulani kwenye hizo ngazi 220. Uso wa mtu juani uko huko juu, una ngazi nyingi za kuchezea. Lakini usiku ndani ya nyumba ile, kuta, mapazia na kona zote zimejibana kwenye ngazi chache za chini kabisa. Tuseme ukuta uko kwenye 22 na uso wa mzimu uko kwenye 25. Ngazi tatu tu ndizo zinazoutenga mzimu na ukuta. Umewahi kuangalia kaniki iliyokunjwa ndani ya chumba chenye koroboi? Yote ni nyeusi, lakini mikunjo unaiona, kwa sababu mkunjo mmoja ni mweusi kidogo kuliko wa pembeni yake. Mizimu ya Hill House ni hiyo mikunjo. Kitu chochote kinachozila zile ngazi tatu, popote pale kati ya kamera na sebule yako, kinaula mzimu.

Na wa kwanza kuzila ni hiyo flashi.

Waombe wajukuu wakuangalizie ukubwa wa faili moja. Nyingi za mitaani ni za megabaiti 300 hivi kwa sehemu ya karibu saa nzima. Ukipiga hesabu (baiti moja ni biti 8), hizo hazifiki hata megabiti 1 kwa sekunde. Netflix wenyewe, wanaoionyesha tamthilia hii mtandaoni, wanashauri intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya Full HD. DVD huchukua kama gigabaiti 2 kwa saa moja, yaani megabiti 4 na kitu kwa sekunde, na Blu-ray inaweza kupanda hadi 40 kwa picha peke yake. Sitaki kuikandamiza flashi kupita haki yake: njia za kubana picha zinazotumika siku hizi zina ustadi kuliko ile ya DVD, ambayo ni ya miaka ya 1990, kwa hiyo namba hizi hazilingani moja kwa moja. Hata hivyo pengo la namna hiyo haliwezi kufichika, na mahali linapojitokeza kwanza ni gizani.

Sababu yake ni hii. Programu inayobana picha huikata vipande vidogo vya mraba, kisha kila kipande hukipimia data kulingana na kilichomo. Kipande chenye macho ya mhusika anayeongea kinapewa nyingi. Kipande cheusi kisicho na kinachotikisika kinapewa kidogo, kwa sababu jicho la mtazamaji linadhaniwa halitakwenda huko. Data ikiwa imebanwa mno, mraba mzima unafanywa rangi moja: ukuta wa 22 na uso wa 25 vyote vinakuwa 23, basi. Baada ya sekunde chache programu inaipanga picha upya, miraba inabadilika kidogo, na wewe unaona vigae vinacheza kwenye kona. Si TV inayoharibika. Ndiyo alama za vidole za yule aliyebana faili. Na mizimu hii, iliyotulia gizani nyuma ya watu, imesimama pale pale ambapo programu imefundishwa kwamba hapana kitu cha maana.

Ndiyo maana kuongeza brightness hakukusaidia, na hakungeweza. Kilichofutwa hakirudi kwa kumulikwa. Ni kama kuongeza sauti ya redio wakati mtangazaji ameshatoka chumbani. Isitoshe, kwenye TV nyingi kitufe hicho hakiongezi mwanga kama jina lake linavyodai, bali kinainua ngazi ya chini kabisa: weusi wa 16 unaonyeshwa kama kijivu, na vyote vilivyo juu yake vinapauka pamoja nao. Hayo ndiyo majivu yako. Irudishe katikati kwanza, tutaigusa tena baadaye kwa utaratibu.

Sasa tuje kwenye boksi la mwanao, na nikuambie mapema kwamba hakuhangaika bure.

CD kukataliwa na deki si dalili ya ufeki. Kampuni za filamu ziliigawa dunia katika maeneo, kwa kuwa filamu ilikuwa ikitoka Marekani mwezi huu na kwingine miezi mingi baadaye, na hazikutaka DVD za kule ziwahi kufika huku kabla ya sinema. Marekani na Kanada ni eneo la 1. Ulaya, Japani, nchi za Ghuba kama Oman na Emirates, pamoja na Afrika Kusini, ni eneo la 2. Sisi Tanzania na sehemu kubwa ya Afrika tumewekwa eneo la 5, pamoja na Urusi na India. Deki yako imesoma namba ya eneo kwenye CD, ikaona si yake, ikagoma. Tena CD za kunakili mitaani kwa kawaida huwa hazina namba hiyo kabisa na hucheza popote, kwa hiyo kukataliwa kunaelekeza zaidi kwenye uhalali kuliko ufeki. Mwambie jirani kwa upole.

Kuhusu yaliyomo, boksi lako lina kitu ambacho hata mwenye kulipia Netflix hakipati. Tamthilia ilitoka mtandaoni tarehe 12 Oktoba 2018. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, Paramount, ambao tawi lao la televisheni lilishiriki kuitengeneza, waliitoa kwenye DVD na Blu-ray. Kwenye toleo hilo sehemu tatu zimerefushwa kama mwongozaji mwenyewe alivyotaka ziwe: ya 1, ya 5 na ya 10. Kazi za Netflix kutoka kwenye CD ni jambo la nadra, na kutoka zikiwa na nyongeza ni nadra zaidi. Angalia tu kama ganda la boksi lako limeandikwa kwamba ni toleo refu la mwongozaji. Faili za flashi inaelekea zimetoka mtandaoni, maana yake ulikuwa unaangalia toleo fupi na lililobanwa. Kama ungekuwa mama yangu ningekuambia uanze upya tangu sehemu ya 1. Umeangalia tatu tu, hujapoteza kitu.

Tahadhari ndogo hapo. Sehemu nne kwenye boksi zina maelezo ya Flanagan mwenyewe, anazungumza juu ya picha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukigusa kitufe cha Audio kwenye rimoti kwa bahati mbaya, utasikia mwanamume anaongea bila kukoma na wahusika wanasikika kwa mbali. Watu wameshawahi kuniletea CD wakidhani imeharibika kwa sababu hiyo hiyo. Bonyeza tena kitufe, atanyamaza. Ukishamaliza tamthilia yote mrudie, anafundisha mengi.

Jinsi ya kuichezesha sasa. Njia ninayoipendelea kwako ni kununua deki isiyofungwa eneo. Deki nyingi za bei nafuu madukani kwetu ziko hivyo, ila maneno ya kwenye kasha yasikutoshe. Nenda na CD yako mkononi, iwekwe, uone picha, ndipo utoe hela. Kama nyumbani kuna kompyuta, wajukuu wanaweza kutumia kisomeo cha DVD cha kuchomeka kwa USB na programu ya VLC, kisha waya wa HDMI hadi kwenye TV. Hiyo nayo ni njia nzuri na picha hutoka safi, lakini wasikilize vizuri hapa: kompyuta ikiuliza kama wabadilishe eneo, kisomeo kinaruhusu kubadilishwa mara 5 tu, na ya tano ndiyo ya kudumu. Wachague eneo la 1, waache hapo hapo. Utasikia pia kuna namba za siri za kubonyeza kwenye rimoti ili deki ya zamani ifunguke. Kwa baadhi ya deki ni kweli, ila namba hutofautiana kwa kila modeli, na nimeona watu wakibahatisha mpaka menyu nzima ikageuka lugha wasiyoijua. Kama fundi anaijua ya modeli yako hasa, sawa. La sivyo iache.

Mwanao akitaka kukutumia nyingine siku za mbele, kwa mfano The Haunting of Bly Manor, iliyobuniwa na Flanagan huyo huyo, kuna jambo la kujua. Kwenye Blu-ray maeneo ni matatu tu, na Afrika tuko kundi moja na Ulaya, kundi B, wakati Marekani ni A. Blu-ray ya Uingereza itakubali kwenye deki ya Blu-ray ya huku, ya Marekani huenda isikubali. Na usinunue deki ya Blu-ray ukidhani itatatua hili la sasa: inacheza DVD pia, lakini kwa upande wa DVD nayo ina kufuli lake la eneo.

Utaulizwa pia kuhusu NTSC na PAL, mifumo miwili ya picha za TV inayotofautiana nchi na nchi. DVD ya Marekani ni NTSC, na TV yoyote bapa ya miaka ya karibuni inaikubali bila maneno. Ungekuwa na TV ya chogo ningekuonya kwamba picha inaweza kutoka bila rangi au ikapandapanda. Kuna hata faida moja. Tamthilia kama hii hupigwa picha 24 kwa sekunde, na DVD za PAL huziendesha 25, kwa hiyo saa nzima inaisha kabla ya dakika 58 na sauti za watu zinapanda kidogo. Ya kwako inakwenda kwa kasi yake halisi.

Tukishapata CD inayocheza, ndipo tunaigusa TV. Usiiguse ukiwa na flashi, maana utakuwa unarekebisha kioo kwa kuangalia picha iliyokwisha haribika.

TV nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye hali inayoitwa Vivid au Dynamic. Imetengenezwa ili TV iwake kuliko jirani yake kwenye rafu chini ya taa za duka, na giza inalizika kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua Movie, Cinema au Filmmaker Mode, jina linategemea TV. Picha itaonekana ya njano na imefifia kwa dakika kumi za kwanza, kisha macho yatazoea na hutataka kurudi. Zima Dynamic Contrast, kwa sababu kazi yake ni kufanya cheusi kiwe cheusi zaidi, na sisi tunaitafuta tofauti kati ya cheusi na cheusi. Zima na ile ya kupunguza umeme, inayofifisha kioo chumba kikiwa na giza. Kisha kuna kulainisha mwendo, ambako Samsung walikuita Auto Motion Plus na kwenye TV zao mpya Picture Clarity, LG TruMotion na Sony Motionflow. Nako zima. TV inabuni picha ambazo hazikupigwa na kuzichomeka katikati ya zile halisi, na tamthilia inaanza kufanana na video ya harusi. Sehemu ya 6 ya Hill House kamera inatembea dakika nyingi bila kukatwa, na ukiiangalia na kulainishwa huko utapoteza kazi kubwa ya watu wale.

Sasa ile brightness. Tafuta tukio lenye mtu aliyevaa koti jeusi. Kuna msiba katika hadithi hii, hutakosa. Simamisha picha. Shusha brightness polepole mpaka koti liwe doa moja jeusi, halafu anza kupandisha, hatua moja moja, ukiangalia pale kola inapokutana na kifua. Kwanza utaona mstari wa kola. Kisha mkunjo wa kwapa. Kisha kifungo. Endelea kidogo na utaona koti lote linaanza kupauka kuwa la kijivu: umezidisha, rudi hatua moja au mbili. Hapo ndipo pake. Kwenye baadhi ya TV mpya, neno Brightness limepewa kazi ya kuongeza taa ya nyuma, na hiki tunachokifanya kinaitwa Shadow Detail au Black Level. Utajua kwa kuangalia: kama koti halibadiliki ila kioo chote kinawaka zaidi, umeshika kitufe kingine.

Ukiunganisha kwa HDMI kuna mtego mmoja zaidi, na huu huwashinda hata mafundi. Nimekuambia weusi unaanzia 16. Baadhi ya vifaa, hasa kompyuta, huuanzisha kwenye 0. Kompyuta ikituma kwa hesabu ya 0 na TV ikapokea kwa hesabu ya 16, kila kilichotumwa chini ya 16 kinamezwa kuwa weusi mmoja, na mizimu inakwenda nacho. Ikiwa kinyume chake, weusi wote unakuwa kijivu. Mpangilio unaitwa HDMI Black Level au RGB Range. Jaribu zote mbili ukiangalia lile lile koti. Ukitumia waya za njano, nyekundu na nyeupe hili halikuhusu, ingawa waya ya njano ndiyo yenye picha duni kuliko zote, na kama deki ina HDMI usiitumie.

Chumba nacho. Juzi nilikwenda kwa shemeji yangu aliyekuwa na lalamiko kama lako. TV imetundikwa mkabala na dirisha la uani, na juu yake taa ya tyubu inawaka. Nilipoizima TV, kwenye kioo nikajiona mimi, nikaona kochi, nikaona hata saa ya ukutani nyuma yangu. Vyote hivyo vilikuwa vinamwagika juu ya picha kila usiku, na ngazi tatu za giza haziwezi kushindana na saa ya ukutani. Hatukubadilisha mpangilio wowote. Tulizima tyubu, tukaweka taa ndogo nyuma ya TV, mwanga wake ukipiga ukutani, na picha ikafunguka. Kwako fanya hivyo hivyo: baada ya isha, pazia limefungwa, taa ya mbele imezimwa, ile ndogo ya nyuma imebaki ili macho yasichoke na wajukuu wadogo wasiogope kupita kiasi. Kaa dakika kumi kabla hujaanza kutafuta vitu gizani, maana jicho linalotoka kwenye mwanga huchukua muda kufunguka, na sehemu yake inayoona gizani zaidi huhitaji hata nusu saa.

TV ya 4K usinunue kwa sababu hii. 4K ni hesabu ya nukta, 3840 kwa 2160, na haisemi chochote kuhusu weusi. DVD yako ina nukta 720 kwa 480. TV ya 4K itazitanua zijaze kioo, na kama chanzo ni ile flashi, itakutanulia vigae. Siku utakapohitaji TV mpya kwa haki yake, uliza habari za kontrasti, yaani tofauti kati ya cheusi na cheupe: kioo cha aina ya VA huzima giza vizuri kuliko IPS, na OLED, ambayo kila nukta huwaka na kuzimika yenyewe, inazishinda zote ila bei yake ni kubwa. Beba CD yako dukani, omba wazime taa za juu dakika moja. Muuzaji atakayekataa, nenda duka la pili.

Fundi wako hajakosea kwamba vioo huchoka, amekosea tu kwamba dalili zako ni hizo. Umesema matukio ya mchana unayaona vizuri, na taa za nyuma ya kioo zikifa zinaua mchana na usiku pamoja. Dalili za kumwita ni upande mmoja wa kioo kuwa mweusi kuliko mwingine kwenye kila chaneli, picha kuwaka na kuzimika, au sauti kuwepo bila picha. Katika hilo la mwisho, washa tochi uielekeze kioo kwa ubavu: ukiona picha hafifu inatembea, taa za nyuma zimekufa, na hizo hubadilishwa bila kununua TV nyingine. Ila usifungue mgongo wa TV mwenyewe na usimruhusu mjukuu afungue. Kuna vifaa mle vinavyohifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Limebaki moja, nalo ni zito kuliko CD na deki. Uliandika kwamba wajukuu wanaona na wewe huoni, kwenye TV ile ile, faili lile lile. Inawezekana wao wameiangalia kwenye simu zao kwanza na sasa wanajua pa kutazama. Inawezekana pia si hivyo. Ukishapata CD inayocheza na ukamaliza marekebisho, simamisha tena lile koti jeusi, kaeni umbali mmoja, kila mtu ahesabu vifungo bila kusema, kisha mtajiane. Kama wao wanavihesabu na wewe huvioni, mama, usirudi dukani wala kwa fundi. Nenda kliniki ya macho. Kwa umri wetu wa kwenda mbele lenzi ya jicho hukolea na mboni haifunguki gizani kama zamani, na hilo ni la kawaida. Lakini mtoto wa jicho anaweza kuanza hivi hivi, tofauti za weusi zikipotea, na presha ya macho mara nyingi hula uoni taratibu bila maumivu. Kama taa za magari usiku zinakuzungukia duara la mwanga, kama unajikwaa magharibi kwenye ngazi unazozijua, au unashtuka watu wakitokea ubavuni, usisubiri hata jaribio la koti.

Na ukifika, mwambie daktari kama ulivyoniambia mimi, kwamba cheusi juu ya cheusi ndicho kinachokupotea. Wengi husema tu “sioni vizuri”, wanasomeshwa herufi za ukutani, wanafaulu, wanarudi nyumbani. Herufi zile ni nyeusi juu ya ubao mweupe, hazitamwonyesha tatizo lako.